HABARI ZA SHULE NA NYUMBANI
Debe la Shule Hupimwa Wakati wa Kipupwe



Kipupwe kimekwisha ingia. Upepo wa kusini-mashariki wavuma tangu alfajiri, vumbi lainuka barabarani, na mibuyu imeanza kupukutisha majani. Mashambani mabua ya uwele na mtama yamebaki yamesimama, nao ng'ombe wameachiwa wayale. Ndani ya tembe, na ndani ya nyumba za bati vilevile, vilindo na magunia yamejaa. Na hata pale ambapo hayakujaa, kuna kitu. Huu ndio msimu ambao mtu wa Ugogo hupumua. Kwa hiyo nimeuchagua huu kuwa wakati wa kuwaandikia wazazi na waalimu juu ya uji wa shule, maana watu wengi hulikumbuka jambo hilo mwezi wa Januari, wakati ambapo ghala ni tupu, na kumbukumbu haisagiki ikawa unga.

Katika nchi za baridi kali, kama vile sehemu za kaskazini za Marekani, wakuu wa shule huwapelekea wazazi habari majira ya baridi yanapoingia, kuwaarifu jinsi shule itakavyofungwa theluji ikianguka nyingi, na kuwakumbusha makoti na viatu vya watoto. Sisi hatuna theluji. Hapa Dodoma, mahali palipoinuka kadiri ya mita 1,100 juu ya bahari, usiku wa Julai baridi hushuka hata digrii 13 au 14, na mchana jua huwaka kama desturi yake. Mgeni wa Ulaya akiambiwa kwamba hiyo ndiyo baridi yetu, hucheka. Lakini na asimame yeye saa 12 ya asubuhi katika uwanda wa Bahi, amevaa shati moja jembamba, tumbo halina kitu, na mwendo wa saa nzima uko mbele yake. Kisha tumwulize kama angali acheka.

Tena kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii. Jua halichomozi saa ile ile mwaka mzima, hata katika nchi yetu iliyo karibu na ikweta. Mwezi wa Novemba hapa Dodoma jua huchomoza kama saa 12 na robo. Mwezi wa Julai huchomoza karibu saa 1 kasoro robo. Tofauti yake ni kama nusu saa. Kengele ya shule haijui habari hiyo, wala saa ya ukutani haijui. Mtoto atokaye nyumbani saa 12 kamili mwezi wa Novemba huiona njia yake. Mwezi wa Julai mtoto yule yule, kwa saa ile ile, hutembea gizani. Basi majirani na wapatane, watoto wa nyumba nne au tano waondoke pamoja, wakubwa wakiwatangulia wadogo, wala msichana asitumwe peke yake katika kijia cha korongoni kabla ya mapambazuko. Nanyi waalimu, ndugu zangu, mtoto wa darasa la 1 akichelewa mwezi huu, mwulizeni kwanza ametoka umbali gani. Fimbo haisogezi jua.

Habari za kalenda ni fupi. Shule zetu hufungwa mapema mwezi wa Juni na kufunguliwa Julai, na kila mwaka juma la kwanza madawati hubaki nusu. Wengine wamekwenda kwa bibi zao Mpwapwa au Kondoa, wengine wako katika sherehe za jando, wengine wamebaki nyuma ya ng'ombe. Kwa darasa la 7 uchelewaji huo una hasara kubwa kuliko kwa wengine wote, kwa kuwa mtihani wao wa mwisho hufanywa mwezi wa Septemba, nao si muda mrefu tangu kufungua shule. Mzazi mwenye mtoto wa darasa la 7 na amrudishe siku ya kwanza, hata kama sherehe ya mjomba haijaisha.

Juu ya macho, neno moja. Vumbi la kipupwe na nzi wafuatao mifugo ni marafiki wa ugonjwa wa vikope, ambao waganga huuita trakoma. Ugonjwa huo hurudi mara kwa mara katika macho ya mtoto, hata mwisho kope hugeuka ndani na kulikwaruza jicho. Mtu mzima akapofuka kwa maradhi aliyoyapata utotoni. Nchi yetu yajulikana sana katika habari hiyo, kwa kuwa waganga walifanya uchunguzi wao miaka mingi katika vijiji vya Kongwa, na mwaka 1995 habari zake zilichapwa. Walionyesha ya kuwa mtoto mwenye uso safi hupungukiwa na hatari ya ugonjwa ule ulio mkali. Mama huniambia, "Mwalimu, maji yako mbali." Ni kweli, yako mbali. Lakini uso wa mtoto hauhitaji ndoo. Kikombe kimoja chatosha, na hapana dawa iliyo rahisi kuliko hiyo.

Sasa nije kwenye uji.

Katika mkutano wa wazazi wa kijiji kimoja cha huku kwetu, mzee mmoja alisimama, akaegemea fimbo yake, akasema, "Mwalimu, redioni tuliambiwa elimu ni bure. Mbona kila mwaka mwatuomba debe?" Watu wengi wakaguna kwa kumkubali. Mwalimu mkuu, kijana mwema lakini mgeni katika mambo ya wazee, akaanza kumjibu kwa maneno ya waraka, na mkutano ukaharibika. Watu walitawanyika bila kupatana, na mwaka ule uji ulikwisha mwezi wa Oktoba. Mwezi wa Februari uliofuata nalipita shuleni hapo saa 4 asubuhi, nikawaona watoto wamelala vichwa juu ya madawati, si kwa uvivu. Wengine hawakuwapo kabisa. Nalimkuta mmoja wao njiani akichimba mizizi na nduguye. Nikamwuliza, "Mwanangu, mbona hukuenda shule?" Akanijibu kwa adabu, "Babu, shuleni hakuna uji, na nyumbani tunakula jioni tu. Huku porini huenda nikapata kitu."

Jawabu lile sikulisahau. Mtoto alikuwa amepiga hesabu yake, nayo haikuwa na kosa.

Basi tulitazame swali la mzee, kwa maana ni swali halali. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali tangu elimu ya awali hata kidato cha 4, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha 5 na cha 6 pia. Lakini waraka wa mwaka 2016 ulieleza wajibu wa kila mmoja, na mzazi aliachiwa sare, madaftari, na chakula cha mtoto wa shule ya kutwa. Hivyo mzee alisema kweli juu ya ada, akakosea juu ya tumbo. Na waraka ulikataza pia kitu cha pili, ambacho waalimu wengine hupenda kukisahau: mwanafunzi asifukuzwe wala asizuiwe darasani kwa sababu mzazi wake hakutoa mchango. Nitalirudia neno hilo mbele.

Lakini mzee alikuwa na neno jingine ambalo hakupewa nafasi ya kulisema mkutanoni. Alinieleza baadaye, tumeketi kivulini. Alisema, "Mwaka wa nyuma nalitoa madebe mawili. Nani aliniambia yamekwenda wapi?" Hapo alinishinda. Hakuna aliyemwambia. Kamati ilipokea nafaka, ikaiweka katika chumba, ufunguo ukawa kwa mtu mmoja, na tangu hapo wazazi hawakusikia habari yoyote ila kwamba imekwisha. Sidhani kwamba iliibwa. Nadhani ilipikwa na kuliwa na watoto. Lakini kudhani si hesabu. Shule inayotaka debe la mwaka huu na ibandike ukutani, mahali ambapo kila mzazi apitaye ataona: madebe yaliyopokewa, yaliyosagwa, yaliyosalia, na majina ya watu wawili wenye funguo mbili. Kazi hiyo yataka chaki na dakika 10 kila Ijumaa. Yule mzee, alipoahidiwa hivyo, hakusema tena habari za redio.

Je, debe lenyewe latosha nini? Nimelipigia hesabu, nanyi mwaweza kunisahihisha. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Tukikadiria gramu 60 za unga kwa kikombe cha mtoto mmoja, basi kwa mwaka mzima atakula kilo 11 na nusu na kidogo zaidi. Debe moja la nafaka kavu lina kilo 18 hivi. Kwa hiyo debe moja kwa mtoto mmoja latosha uji wa mwaka mzima, na kilo 6 zasalia kwa kulipa mashine, chumvi, na kwa ajili ya yale yatakayoharibika. Nyumba yenye watoto watatu shuleni ni madebe matatu, yaani nusu gunia. Mwezi wa Julai nusu gunia hutolewa kwa kuguna kidogo. Mwezi wa Februari halitolewi hata kwa machozi, kwa sababu halipo.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Nchi yetu ina mvua moja tu, tangu Desemba hata Aprili, nayo si nyingi. Tunavuna mara moja, kisha twala miezi kumi na miwili. Kila mtu ajua kwamba nafaka ya Julai ni rahisi, na watu huiuza upesi wapate sabuni, nguo, na fedha za sherehe. Kisha huinunua tena wakati wa masika kwa bei iliyopanda sana. Debe la shule likipimwa siku ile ile magunia yanaposhonwa, halisikiki. Likingojwa hata mkutano wa Novemba, limekuwa deni. Waalimu wakuu wengi huita mkutano wa chakula shule inapofunguliwa Januari, kwa kuwa kalenda ya shule yaanza Januari. Lakini kalenda ya uwele haianzi Januari. Nawasihi, mkutano huo uitwe ndani ya kipupwe, kabla ya Nane Nane, wakati watu wana nafaka na wana nafasi.

Wazee wetu walilijua jambo hili kuliko sisi. Njaa iliyoitwa Mtunya, ya miaka ya 1917 hata 1920, ilikuja wakati majeshi ya vita yalipokuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, kisha mvua nayo ikakataa. Watu walitawanyika, na nyumba nyingi hazikukutana tena. Bibi zetu waliosimuliwa habari hiyo na mama zao hawakuweza kumwona mtoto akimwaga hata punje za konzi moja bila kumrudisha aziokote. Mimi nami niliokota sana.

Sasa sharti niseme juu ya nafaka yenyewe, kwa maana debe baya ni hatari kuliko kukosa debe. Mwaka 2016, huku kwetu Dodoma na kwa jirani zetu wa Manyara, watu waliugua ghafula: macho yakawa manjano, matumbo yakavimba, wakatapika. Watu wapatao 20 walikufa. Waganga walipochunguza waliona kwamba ni sumukuvu, yaani sumu ifanywayo na kuvu lioteshwalo na unyevu ndani ya nafaka, na wagonjwa walikuwa wamekula mahindi waliyoyalima wenyewe. Sumu hiyo huharibu ini. Haiondoki kwa kupika, hata uji uchemke mchana kutwa. Mahindi na karanga ndizo hushikwa zaidi. Uwele na mtama hushikwa kwa uchache, nayo ni sababu moja ya kuwaheshimu wazee wetu waliochagua kulima uwele. Siku hizi mahindi yamepewa heshima kubwa hata katika mashamba ambayo hayana mvua ya kuyatosha. Mimi siyachukii mahindi, ila twayaomba kitu ambacho nchi hii haiwezi kuyapa.

Basi nafaka iendayo shuleni na ianikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, au zenye rangi ya kijani au nyeusi, zichaguliwe zitupwe, wala kuku wasipewe. Kamati yaweza kujaribu ukavu kwa njia rahisi: chukueni chupa safi iliyo kavu, tieni chumvi kavu hata robo, tieni na nafaka hata nusu, tikiseni kwa dakika chache, kisha iacheni robo saa. Chumvi ikishika kioo, nafaka ina maji bado, irudi juani. Chumvi isiposhika, ipokeeni. Mzazi asione haya kurudishiwa debe lake, na mpokeaji naye asimwaibishe mbele ya watu, amwambie tu, "Mama, jua la siku mbili tatu litatosha." Magunia yapangwe juu ya miti, yasiguse sakafu wala ukuta. Aliye na uwezo atumie ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo humnyima pumzi dumuzi. Mdudu huyu aliingia nchini upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo ameyageuza mahindi ya watu kuwa vumbi.

Nimebakiwa na jambo lililo gumu, nami nimelingoja kwa makusudi. Nyumba ya mjane ambaye shamba lake halikutoa kitu, itatoa nini? Nyumba ya bibi aleaye wajukuu wanne, itatoa madebe manne kutoka wapi? Katika shule kadha wa kadha ambazo nimezitembelea desturi ni hii: saa 4 kengele yalia, watoto ambao wazazi wao walitoa hupanga mstari na vikombe, na wale wengine huambiwa wakae darasani au wacheze uwanjani. Nimewaona watoto hao. Hawachezi. Husimama mbali kidogo, hutazama sufuria, kisha hutazama upande mwingine. Mwalimu mmoja aliniambia, "Tukiwapa wote, mwakani hakuna atakayetoa." Namwelewa, maana yeye ndiye anayebeba lawama uji ukiisha. Lakini simkubali. Deni ni la mzazi. Adhabu apewa mtoto wa miaka 7, ambaye hakupanda wala hakuuza wala hakukataa. Waraka ulikataza kumfukuza mtoto darasani kwa ajili ya mchango. Na mtoto anayenyimwa uji siku zote hujifukuza mwenyewe, ila jina lake hubaki katika daftari la mahudhurio.

Jinsi ya kufanya ipo, tena si mpya. Zile kilo 6 zilizosalia katika kila debe, nilizozitaja juu, si zote za mashine. Watoto kumi waliotolewa madebe yao huacha kilo 60; toeni gharama za kusaga, bado zatosha kuwalisha wengine wawili au watatu mwaka mzima. Tena kuna wazazi wenye nguvu wasio na nafaka: na walete kuni, wachote maji, wamsaidie mpishi siku zao kwa zamu, na kazi hiyo iandikwe ukutani pamoja na madebe, kwa jina, sawasawa na debe. Yule aliye na nafaka nyingi na hataki kutoa, hilo ni shauri la serikali ya kijiji na wazee. Waende nyumbani kwake, waketi, waongee naye. Sufuria si mahali pa kumhukumu. Naamini kwamba watu wachache watakaa na aibu hiyo muda mrefu, na hata wakikaa, uji wa mtoto wao ni kikombe kimoja.

Kabla ya kuweka kalamu chini, nina habari moja kwa wazazi wenye watoto wa darasa la 6 na la 7, na ni habari ya matumizi. Kwa mujibu wa sera ya elimu katika toleo lake la 2023, elimu ya msingi ni miaka 6 badala ya 7, na elimu ya lazima ni miaka 10, hata kidato cha 4. Watoto walioingia darasa la 3 mwaka 2024 ndio wa kwanza kumaliza katika darasa la 6, mwaka 2027. Na wale waliokuwa darasa la 4 mwaka ule wa 2024 humaliza darasa la 7 mwaka huo huo wa 2027. Vikundi viwili vyatoka pamoja, na vyatazamiwa kuingia kidato cha 1 pamoja Januari 2028. Nyumba yenye ndugu wawili waliopishana mwaka mmoja itatafuta sare mbili za sekondari, jozi mbili za viatu, na madaftari maradufu, kwa siku moja. Na shule ya sekondari ya kata itapika uji kwa watoto wengi kuliko ilivyozoea. Mbuzi atakayeuzwa kwa kazi hiyo na atengwe mapema, angali mnene kwa mabua ya msimu huu, asingojwe hata awe mifupa mwezi wa Desemba.

Mwezi ujao, mtihani wa darasa la 7 ukiwa umekaribia, nitaandika juu ya taa, na jinsi ya kumpatia mtoto nafasi ya kusoma jioni katika nyumba yenye chumba kimoja. Wasomaji wenye njia waliyoijaribu wenyewe na waniletee habari kabla gazeti halijachapwa.